Chaki ya Meneja na Maji ya Mfongo

Upotevu ni kitu ninachokichukia, na ndiyo sababu nawadharau watu wengi waliopata vyeo kwa kulitaja neno hilo.

Naanza hivyo ili msomaji asinihesabu pamoja na wale wanaoona kila badiliko la kiwandani kuwa ni uonevu. Kiwanda cha mkonge nilichokifanyia kazi baada ya vita, wakati wa Waingereza, kilikuwa kwenye tambarare, kando ya reli, chini ya milima ya Upare ya kusini, na mali ilikuwa ikipotea pale mchana kutwa mbele ya macho ya watu. Majani yaliyokatwa alfajiri yalilala juani hadi kesho yake kwa kuwa troli zilivunjika na hakuna aliyezitengeneza. Korona, ile mashine kubwa inayoparua jani la mkonge na kuacha singa tupu, ilikuwa na visu butu. Singa fupi zilikwenda na maji machafu hadi mtaroni, zikajisokota huko na kuoza, na harufu yake ilifika stesheni. Kazi yangu ilikuwa hivyo visu. Shule ya misheni niliiacha mapema. Mengine nilijifundisha mwenyewe kwa kitabu cha mashine na kamusi iliyopoteza jalada. Kwa hiyo meneja mpya alipoletwa kutoka Tanga, tukaambiwa kwamba amekuja kuondoa upotevu, nilifurahi. Nilidhani atatazama visu.

Alitazama saa yake. Alikuwa kijana wa Kizungu mwenye magoti mekundu, aliyetembea na saa ya mfukoni katika mkono mmoja na kipande cha chaki katika mkono wa pili. Kila alichokiona kuwa ni upotevu alikitia alama ya msalaba, na kilichotiwa msalaba hakikuwa na siku nyingi za kuishi. Benchi walilokalia wanawake wa chumba cha brashi, wachanaji wa singa kavu, wakisubiri singa kutoka uwanja wa kuanikia lilitiwa msalaba, likawa kuni. Pipa la maji ya kunywa lililokuwa karibu na korona lilitiwa msalaba kwa sababu watu walisimama hapo wakizungumza. Likahamishiwa nyuma ya ghala, na tangu hapo waliokuwa wakipoteza muda mfupi kunywa maji wakaanza kupoteza muda mrefu kuyafuata.

Sitamnyima haki yake. Alitega wavu mtaroni, akazikamata zile singa fupi, akaziuza kwa washona magodoro. Lilikuwa wazo zuri na lilileta faida. Bahati mbaya lilimfanya aamini kwamba mawazo yake yote ni ya namna hiyo.

Nyapara mkuu wa kiwanda alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Alizaliwa mlimani, katika kijiji cha upande wa Suji, mahali ambapo mtoto huijua zamu ya maji kabla hajajua Baba Yetu. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye sauti nzuri ya kuongoza nyimbo na viatu vyeusi alivyovipaka mafuta hata siku za vumbi. Meneja alimwahidi nyumba. Ilikuwa pale pale kiwandani, ya matofali, paa la bati, na baraza ya saruji mbele, ambamo kabla yake hakuwahi kukaa Mwafrika. Tangu siku ya ahadi hiyo shemeji naye akaanza kutembea na chaki mfukoni.

Angeishia nayo kiwandani ningemvumilia. Lakini kila Jumamosi alipopanda kwenda kwake alipanda na elimu yake. Jumapili moja nilimtembelea dada yangu, nikamkuta amekaa chini uani akichambua maharage, na kigoda kiko pembeni kina msalaba mweupe.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Usikalie hicho, kimehukumiwa."

Aliniambia kwamba mumewe amegundua kuwa wageni wakikosa pa kukaa huondoka upesi, na wakiondoka upesi hawali. Mtungi mkubwa nao ulikuwa na msalaba, kwa kuwa maji hukaa humo bila kufanya kazi. Jiko lilikuwa na mafiga matatu, na shemeji alilichunguza kwa muda mrefu akitafuta lipi ni la ziada.

"Mbona hujaifuta hiyo misalaba?" nikamuuliza.

"Sifuti kitu. Nataka watu wasome."

Sasa lazima niseme habari ya maji, kwa sababu bila hayo hakuna mkonge wala maharage. Korona haiwezi kufanya kazi bila maji mengi. Ndiyo yanayosukuma nyama ya jani na kuosha singa. Maji yetu yalishuka kutoka mlimani kwa mfongo, yaani mfereji wa wenyeji, uliotoka kwenye ndiva, bwawa la udongo na mawe linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi. Wenye ndiva ni watu wa kijiji cha shemeji. Kila nyumba ina zamu yake ya kumwagilia, na kiwanda kilipewa zamu kana kwamba ni nyumba mojawapo, yenye shamba kubwa na tabia mbaya. Bei ya zamu haikuwa fedha. Tope likijaa ndivani, hupigwa baragumu la pembe ya tandala, na kila mwenye zamu hutoka na jembe lake kwenda msaragambo, kazi ya wote. Asiyetoka hana zamu.

Meneja wa zamani, mzee mmoja mlevi, alikubali sharti hilo bila ubishi. Siku ya baragumu alisimamisha korona, akawapeleka nyapara na wenyeji wote wa kijiji kile waliokuwa kiwandani, na yeye mwenyewe alipanda juu ya punda, akakaa ukingoni mwa ndiva akiwa na chupa yake. Hakuwa na elimu ya upotevu. Alikuwa na kiu tu, na mtu mwenye kiu huyaheshimu maji.

Meneja mpya aliposikia kwamba kuna siku ambayo mashine yote husimama ili watu wakachote tope mlimani, alitaka kujua ni nani aliyeidhinisha. Sauti ya baragumu haitiwi chaki, kwa hiyo alikwenda akatia msalaba kwenye ubao tuliotundikia majembe ya siku hiyo. Hapo shemeji angeweza kusema neno moja na mambo yakaisha. Alikuwa amezaliwa kando ya mfongo ule. Baba yake aliwahi kutozwa mbuzi kwa kuchelewa tu. Badala yake alitoa shauri, na shauri lenyewe lilikuwa safi kiasi kwamba meneja alimpiga begani.

Shauri lilikuwa hili. Kulikuwa na manamba, vijana wa mkataba waliotoka mbali, ambao siku zile hawakuwa na majani ya kutosha ya kukata. Wapelekwe wao. Wana nguvu kuliko wazee wa kijiji, watachota tope zaidi, korona haitasimama hata kidogo, na wenyeji watabaki kazini. Watakuwa wamechimba kwa niaba ya kiwanda, na wawili kati yao kwa niaba ya shemeji mwenyewe, aliyeona kwamba nyapara mkuu akishika jembe siku nzima ni upotevu mkubwa kuliko wote.

Dada alisikia habari hiyo kwa mumewe, akaja kunitafuta kiwandani, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. Shamba lake la maharage lilikuwa chini ya mfongo. Maharage ya kiangazi ndiyo yaliyomlisha yeye na watoto mpaka mvua za masika, kwa kuwa mshahara wa shemeji ulikuwa na njia zake nyingine, nyingi zikipitia dukani Same. Mwaka ule yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua, wakati ambao yakikosa maji hayasamehe.

"Mwambie," alisema. "Mimi nimemwambia, ameniambia sijui hesabu."

"Atasema nini kwangu asichokwambia wewe?"

"Wewe una kamusi."

Nikamwambia shemeji. Mimi ni mtu wa Mhezi, kijiji kingine cha mlimani, mfongo ule si wetu, na kwa hilo alinishika mara moja. Aliniuliza kwa upole, kama mtu anayemwongoza mtoto wa katekisimu, baragumu linapigwa kwa sababu gani. Nikasema, kwa sababu ya tope. Tope likiondoka, je, tope linamjua aliyeliondoa?

"Baragumu haliiti jembe, shemeji," nilisema. "Linamwita mtu."

"Ndiyo maana Mhezi hamna kiwanda," akajibu, akaenda zake na viatu vyake.

Baragumu likapigwa, manamba wakapanda. Mimi nilibaki na korona, iliyokuwa ikinguruma kwa ushindi, lakini niliyasikia yote baadaye kwa dada, ambaye yeye alikwenda na jembe lake, akaambiwa kwamba nyumba yake imekwisha kuhesabiwa kwa jina la mwenye nyumba, naye hakutokea. Manamba walichimba vizuri sana. Wanakijiji waliwapisha mahali pa kina, wakawapa ndizi za kupika na nyama, wakawasifu mikono. Mzee wa mfongo, msimamizi wa ndiva, aliwauliza kwao ni wapi, wazazi wao wako hai, na huko kwao mvua zikoje. Mtu yule sikumpenda, nami siandiki haya ili kumsifia: alikuwa na majivuno ya baragumu lake kama mwanajeshi na nishani, na mbuzi wa faini hawakupata kuwa wengi kama wakati wake, kwa maana alipenda maini. Lakini siku ile hakumtoza mtu yeyote kitu. Alishukuru, akawaaga.

Shemeji alilitangaza jambo hilo kiwandani kama ushindi wa vita. Tope lote limetoka, hakuna saa hata moja ya mashine iliyopotea, na wazee wametoa shukrani. Meneja alikwenda kupima madirisha ya ile nyumba ya baraza ili yatiwe vioo.

Siku chache baadaye maji katika tenki letu yakapungua. Kisha yakawa uzi. Korona bila maji ni mnyama aliyekabwa: nyama ya majani inajaa kati ya visu, singa zinatoka za kijani zenye utando, na zikikauka huwa kahawia kama mkeka wa zamani. Meneja aliangalia singa zile, akasema visu ni butu. Nikamwonyesha makali. Akasema vinolewe. Kwa siku kadhaa nilinoa visu vilivyokuwa vikali, nikivipunguza chuma chake bure kwa amri ya mtu aliyekuja kuondoa upotevu. Nje, majani yaliyokwisha kukatwa yalirundikana mpaka juu ya reli ya troli, yakaanza kuchacha, na nzi waliofurahia mpango ule walikuwa wengi kuliko sisi.

Mwishowe tukapanda kuutazama mfongo: meneja na saa yake, shemeji wa kufasiri, na mimi wa kubeba kijiti cha kupimia kina. Hapakuwa na mahali palipobomoka. Mfereji ulikuwa safi, mzuri kuliko miaka yote, kazi ya manamba ikionekana. Tulipofika kwenye mgawanyo, mdomo wa njia ya kiwanda ulikuwa umezibwa kwa mawe, udongo na magome ya migomba, kwa ustadi, bila hasira. Hatua chache mbele, mdomo mwembamba unaokwenda kwenye shamba la dada yangu ulikuwa umezibwa vivyo hivyo. Shemeji aliutazama huo wa pili kwanza.

Mzee wa mfongo alitukaribisha, kila mtu akaletewa kigoda. Meneja akasema kazi ilifanyika. Mzee akakubali: ilifanyika, na wameishukuru. Meneja akasema basi maji yafunguliwe.

"Wale vijana ni wachapa kazi," mzee alisema. "Wakija na mashamba yao, tutawapa zamu."

Shemeji akamgeukia meneja. Kisha akafasiri kwamba mzee anaomba muda. Mimi nilikuwa na Kiingereza cha vitabu vya mashine, ambacho kinatosha kabisa kwa kusema maji yamefungwa na kwa nini, lakini sikuulizwa, na kijiti cha kupimia kilikuwa bado kikavu mkononi mwangu.

Meneja alipanda garimoshi kwenda Same kumwona bwana shauri, mtawala wa wilaya. Alirudi jioni yake na uso mwekundu kama magoti. Inaonekana bwana shauri alikuwa bado anakumbuka jinsi watu wa milimani walivyokaa nje ya ofisi yake kwa habari ya kodi, wametulia, bila kuondoka, na hakuwa na hamu ya kuwaona tena kwa habari ya kiwanda cha mtu mwingine. Alimshauri meneja aelewane na wenyeji. Meneja alilirudia neno hilo kwa chuki, kana kwamba kuelewana ni benchi la wanawake wa brashi.

Shemeji alikuwa na njia moja tu, na aliichelewesha mpaka maua ya maharage yakaanza kudondoka. Wazee walimwambia kwamba ndiva ina tope jipya kidogo upande wa juu. Si tope la kuita watu wengi, lakini wanaweza kumpigia baragumu kama analitaka. Alilitaka. Akapigiwa. Nilipanda siku hiyo, kwa kuwa korona ilikuwa imesimama na hakuna aliyekuwa na haki ya kuniuliza niko wapi.

Aliingia ndivani amekunja suruali, viatu amevifungia katika kitambaa. Watu walikuja wengi kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji, nao walishika majembe yao, wakachimba naye, kwa sababu msaragambo haufanywi na mtu mmoja hata ukiwa ni wa kumwadhibu. Kutaniana hakukukatazwa. Mama mmoja mnene, jirani wa dada, alimwita kutoka ukingoni.

"Shemeji, pale nyuma umeacha tope. Litie msalaba tulijue."

"Mwacheni," mwingine akajibu. "Anahesabu lipi ni la ziada."

Faini ilikuwa mbuzi na dengelua, ile pombe ya miwa. Mbuzi alimtoa. Dengelua akasema hawezi, yeye ni mzee wa kanisa, akaomba ikubaliwe chai. Wakamwambia chai atakunywa na mchungaji. Mwishowe dada yangu ndiye aliyeipika, katika ule mtungi mkubwa uliokuwa na msalaba wa chaki, na ulibebwa mpaka ndivani na alama yake, watu wakausoma.

Meneja naye alikubali kwamba siku ya baragumu korona itasimama na wenyeji watapanda, kama zamani. Kwa mabwana zake wa Tanga alipeleka taarifa kwamba ameanzisha siku maalumu ya kusafisha mashine na njia za maji, mpango wake mwenyewe, wa kupunguza upotevu. Alisifiwa. Siku yenyewe ya baragumu hakuna aliyesafisha mashine, kwa kuwa wasafishaji wote walikuwa mlimani, lakini taarifa ilikuwa safi. Ile nyumba ya baraza ikatiwa vioo, kisha ikajazwa singa fupi za washona magodoro, kwa sababu ghala lilikuwa limejaa singa za kahawia ambazo hakuna aliyezitaka. Shemeji alipita mbele yake kila asubuhi akitazama upande wa reli.

Maji ya kiwanda yalirudi kwanza. Kiwanda hakikuzaliwa pale, wazee walisema, hakikutazamiwa kuijua desturi. Nyumba ya shemeji ilirudishiwa zamu, ila iliwekwa mwisho kabisa, baada ya nyumba zote, mpaka kiangazi kingine. Mwenye zamu ya mwisho hupata mkia wa maji: yale yanayobaki ndivani pamoja na majani, vyura na tope.

Nilikuwapo siku ya mkia wa kwanza. Ilikuwa alasiri. Dada alikuwa amekaa juu ya kigoda mwisho wa shamba, msalaba wa chaki ukiwa umekwisha kupauka chini yake, na shemeji amesimama mdomoni mwa mfereji, jembe mkononi, peku. Maji yalikuja polepole, mekundu, yakinywewa na udongo kila hatua. Alitazama juu, mfongo ulikotoka, na nikaona anafikiri.

"Pale kwenye kona yanavuja," alisema. "Na kwa jirani wanafungulia mapema mno. Yangepangwa vizuri, yangefika hapa nusu zaidi."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonichukiza.

"Nenda ukawaambie," dada akasema.

Hakwenda. Aliinama, akapanua mdomo kwa jembe, akaondoa jani la mgomba lililokwama, akayasindikiza maji kwa mguu. Yalifika tuta la kwanza, la pili, yakaingia la tatu mpaka katikati, yakasimama. Matuta mengine yote chini yalikuwa na mabua tu. Dada aliinuka, akachukua kikapu, akaenda kuanza kuyang'oa kwa ajili ya mbuzi, ila mbuzi mwenyewe alikuwa amekwisha kuliwa kwa ile faini, na alipokumbuka alisimama kidogo, kisha akaendelea kung'oa.